Wodi ya vitanda 28, usiku wauguzi wawili: tuwaelezeje watu?

NesiWaZamu

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu poleni na kazi.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji katika hospitali ya umma, huu ni mwaka wangu wa 11. Nimetoka zamu ya usiku na sijalala, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Wodi yetu ina vitanda 28 na haikosi kujaa. Nilipoanza, usiku tulikuwa wauguzi wanne na mhudumu mmoja. Kati ya wauguzi wote wa wodi, wawili wakastaafu, nafasi zao hazikujazwa. Mwingine akahamishiwa wodi ya wazazi kwa muda, na huo muda haujaisha hadi leo. Hakuna aliyepewa barua ya kuachishwa kazi, hakuna tangazo lililobandikwa. Ratiba za zamu zilipungua majina polepole, tukazoea kuwa watatu. Mwezi uliopita tukaitwa kikaoni. Tukaambiwa ikama, yaani idadi ya watumishi tunaotakiwa kuwa nao, inapitiwa upya, mikataba ya wauguzi sita wa jengo letu haitaongezwa ikiisha, na kuanzia hapo usiku wodini kwetu watakuwa wawili.

Nataka mjue wawili maana yake nini, kwa sababu Jumanne iliyopita tulikuwa wawili kwa muda mrefu. Mwenzetu wa tatu alimsindikiza mgonjwa kupigwa picha, akakwama huko. Kitanda cha 4 alikuwa ametoka chumba cha upasuaji saa tatu usiku: presha, mapigo na upumuaji kila dakika 15. Kitanda cha 17 damu ndiyo kwanza inaanza kuingia, na muuguzi yeyote anajua kwamba robo saa ya kwanza huondoki pale, maana mwili ukiikataa damu mara nyingi ndipo unapoonyesha. Kitanda cha 22 mzee amechanganyikiwa, anavuta katheta (mpira wa mkojo) na anataka kushuka aende nyumbani. Dawa za saa nne zilikuwa bado kwa wagonjwa 11.

Hakuna aliyekufa. Kwenye takwimu za mwezi, usiku ule umepita salama. Lakini kitanda cha 9 kuna mama aliyevunjika nyonga. Hawezi kujigeuza, anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Tulimgeuza saa nne usiku. Tulipomrudia ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Juu ya mfupa wa mkia ngozi ilikuwa imebadilika rangi na ina joto. Nikabonyeza kwa kidole, ikabaki vilevile. Wenzangu mnajua hiyo ni nini: kidonda cha kulalia kinaanza. Alikuwa macho, na hakuwa ameita. Akaniambia, "Niliona mnakimbia, mwanangu, nikasema nisiwasumbue."

Niliandika kwenye chati kama ilivyokuwa, pamoja na saa. Sijaacha kumfikiria.

Sasa tawi letu la chama limenipa kazi ya kuandika kipeperushi cha kampeni na kuzungumza na ndugu wa wagonjwa saa za kutazama wagonjwa. Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Wauguzi tunapinga kupunguzwa kwa ajira." Nikampa baba mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi aisome. Akaisoma yote, akanirudishia, akasema kwa upole tu: "Dada, kila mtu anaitaka kazi yake." Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Mimi nina watoto wawili na ninaitaka kazi yangu.

Kwa hiyo nauliza. Tunawaelezeje watu jambo hili bila kuwadanganya kwamba mshahara haumo, na bila kuwatisha wagonjwa waliolala mle ndani? Ushahidi gani unasikilizwa? Na je, mgomo? Wenzangu wengine tayari wanautaka, mimi nauogopa.

Zamu_ya_Pili

Pole sana, dada. Ulivyosimulia ndivyo ilivyokuwa kwetu, tofauti ni kwamba sisi tulisubiri barua za kupunguzwa ili ndipo tuanze kulalamika, na barua hazikuja. Nafasi ilikufa kila mtu alipostaafu. Miaka sita tukapoteza wauguzi tisa na hakuna siku hata moja ambayo ungeweza kusema "leo wamepunguza". Tafuta ikama ya zamani mliyoidhinishiwa, uilinganishe na majina yaliyopo kwenye ratiba ya leo. Kwetu karatasi hiyo moja ilifanya kazi kuliko mabango yote.

Matroni_Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi hii miaka 34, kumi ya mwisho nikiwa matroni, na kati ya hiyo kumi ipo miaka ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikisaini ratiba za watu wawili. Nasema hivyo ili ujue ninayekujibu si mtu aliyesimama pembeni. Nilisaini, na nilinyamaza.

Yule baba wa kwenye benchi amekusaidia. Mwambie kweli: ndiyo, naitaka kazi yangu. Halafu mwambie kitu ambacho yeye hawezi kukiona akiwa kwenye benchi. Muuguzi anapopungua, kazi yake haiondoki naye. Inabaki pale, na waliobaki wanalazimika kuchagua ipi iachwe. Na sote tunajua inayoachwa kwanza. Hatuachi damu, hatuachi sindano, hatuachi mgonjwa aliyetoka upasuaji. Tunaacha kumgeuza asiyejiweza, kumsafisha kinywa, kumtembeza aliye siku ya pili baada ya upasuaji, kumweleza anayeruhusiwa kesho jinsi ya kutunza kidonda, kukaa dakika tano na anayeogopa. Watafiti walipowauliza wauguzi wa nchi nyingi za Ulaya ni kazi gani walishindwa kuifanya katika zamu yao ya mwisho, iliyotajwa zaidi ilikuwa kuzungumza na mgonjwa na kumfariji. Mambo hayo hayana kengele inayolia yakiachwa. Yanakuja kuonekana wiki mbili baadaye, kama kidonda cha mgongoni au nimonia.

Kwa hiyo kipeperushi chako kisianze na ajira. Kianze na saa. "Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Usiku mmoja katika wodi yetu alisubiri saa saba." Basi. Usiandike kitanda, usiandike nyonga, usiandike tarehe, na hata hivyo nenda ukamwombe ruhusa yule mama, umweleze unataka kusema nini na kwa nani. Akikataa, liache. Chukua kitu kingine kisichomhusu mtu mmoja: hesabu ya mwezi mzima.

Na hesabu hiyo mwanze leo, kwa sababu huu ndio ushahidi uliouliza. Karatasi moja kila zamu: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi waliokuwepo kweli (si waliopangwa), na kazi zipi zilizobaki bila kufanyika. Asijaze mmoja peke yake, jazeni wote, hata zamu iliyokwenda vizuri. Mkijaza mbaya tu mtaambiwa mmechagua. Na kila tukio la hatari liandikiwe ripoti rasmi, mbaki na nakala. Sisi enzi zetu tuliweka karatasi ya kaboni chini, na nakala zile ndizo zilizoniokoa siku moja nilipoulizwa kwa nini sikusema. Nilikuwa nimesema mara tatu.

Sasa utafiti. Usiubebe mwingi, watu watachoka. Chukua huu: mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 230,000. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 baada ya kulazwa. Mwaka 2014 ukafanyika wa namna hiyo katika nchi tisa za Ulaya, wagonjwa zaidi ya 420,000, na namba ikatoka ileile, asilimia 7. Lakini usiandike kwamba "mgonjwa mmoja zaidi anaua". Utafiti haukusema hivyo, na ukikamatwa umetia chumvi mahali pamoja hawatakuamini kwingine kote.

Kuhusu kuwatisha walio ndani: zungumza na ndugu nje ya wodi, kamwe si kando ya kitanda. Na ukimaliza kuwaambia kinachokosekana, waambie pia kinachofanyika. Mtu amemlaza mama yake pale, hawezi kwenda nyumbani na hofu tupu.

Mgomo nitauandikia baadaye, macho yananiuma.

Mhasibu_Hospitali

Naomba nami nisikilizwe bila matusi, maana najua hapa wengi ni wauguzi. Ninafanya kazi idara ya fedha, hospitali ya umma, si ya dada aliyeuliza. Katika hospitali karibu yoyote mishahara ndiyo fungu kubwa kuliko yote. Ukiletewa bajeti pungufu katikati ya mwaka, umeme huwezi kuukata, dawa huwezi kuzikata, mkataba wa mashine umeshasainiwa. Unabaki na watu. Na kati ya watu, wauguzi ndio wengi. Sisemi ni sawa, nasema ndivyo mkono unavyokwenda.

Kampeni zenu huwa zinanishinda mahali pamoja: mnasema "msipunguze", halafu mnanyamaza. Kipunguzwe nini? Jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 2018 lilipigia kura sheria ya kuweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi. Waliopinga wakawaambia wananchi gharama itafunga hospitali ndogo. Karibu asilimia 70 walikataa. Wananchi wale hawakuwachukia wauguzi. Waliambiwa bei, na hawakusikia jibu lililowatosha.

Matroni_Mstaafu

Ndugu mhasibu, ahsante kwa kusema wazi. Swali lako ni la haki, na mwanangu hapa lazima aende nalo kikaoni akiwa na jibu.

Jimbo la Queensland, Australia, lilianza mwaka 2016 kuweka kikomo kwa sheria katika baadhi ya hospitali za umma: kwa wastani wagonjwa wanne kwa muuguzi mchana na saba usiku. Watafiti wakazifuata hospitali 27 zilizokuwa chini ya sheria na 28 zisizokuwa, wakachapisha mwaka 2021. Walioongezewa wauguzi walipata vifo pungufu, wagonjwa waliorudi hospitalini pungufu, na siku za kulazwa zikapungua. Fedha zilizookolewa na hizo siku na hao wasiorudi zilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya wauguzi walioongezwa. Mama wa kitanda cha 9 akipata kidonda cha mgongoni, hesabu wewe mwenyewe kwa kalamu yako: wiki ngapi za ziada kitandani, vifaa vingapi vya kufungia kidonda, antibiotiki, muda wa muuguzi kila siku. Gharama ipo. Imehama tu kutoka fungu la mishahara kwenda fungu jingine, na huko hakuna anayeiandika jina la muuguzi aliyeondolewa.

Na kuna hospitali moja nataka muijue. Stafford, Uingereza. Uongozi ulikuwa unatafuta hadhi mpya ya kujitegemea kifedha, ukaweka lengo la kubana matumizi mwaka 2006, nafasi za kazi zikapunguzwa, za wauguzi zikiwemo, katika hospitali ambayo tayari ilikuwa na upungufu. Ripoti ya uchunguzi wa umma iliyosimamiwa na Robert Francis ilitoka Februari 2013 ikiwa na mapendekezo 290. Ndani yake kuna wagonjwa walioachwa kwenye mashuka machafu, wengine hawakusaidiwa kunywa maji. Muuguzi mmoja wa pale, Helene Donnelly, aliandika karibu malalamiko 100 kuhusu idara ya dharura. Hayakutosha. Jambo lilifichuka pale ndugu wa wagonjwa walipojikusanya, wakiongozwa na Julie Bailey, ambaye mama yake alifia pale mwaka 2007. Mwanangu, ndiyo maana nafurahi kwamba umeanza na yule baba wa kwenye benchi. Ndugu wa wagonjwa wana nguvu ambayo sisi hatuna: hakuna anayeweza kuwaambia wanatetea mshahara.

Mgomo. Nimepitia mmoja. Tulikuwa na haki na bado sitaki kuusimulia wote. Wodi za dharura na wagonjwa mahututi tuliwaachia watu kwa orodha iliyosainiwa na pande zote, na hata hivyo usiku wa tatu nilirudi kwa miguu yangu kwa sababu sikuweza kulala. Hauwi hatua ya kwanza. Kabla yake yapo mazungumzo, ipo barua ya madai, upo upatanishi, na upo Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unaohusu wauguzi. Kifungu cha 5 kinataka wauguzi washirikishwe katika kupanga huduma za uuguzi na washauriwe katika maamuzi yanayowahusu. Angalia kama nchi yako imeuridhia. Kama imeuridhia, ule mkutano mlioitwa kuambiwa tu, uandikieni barua muulize mashauriano yalifanyika lini.

Mtoto_wa_Mgonjwa

Mimi si muuguzi, nimefika hapa kwa kutafuta habari nyingine, ila siwezi kupita.

Baba yangu alilazwa siku 19. Usiku mmoja nilibonyeza kengele, hakuja mtu. Nikabonyeza tena. Nikatoka koridoni nimejaa hasira, nikamkuta nesi amepiga magoti sakafuni kwenye chumba cha pili, anamshikilia mgonjwa aliyeanguka, mwenyewe, anaita na hakuna wa kumsikia. Nikamsaidia kumwinua. Kisha akaja kwa baba, akamhudumia, na mimi niliyekuwa nimepanga kumgombeza nikakosa la kusema. Niliuliza mko wangapi. Akaangalia pembeni, akasema, "Tutafanya tuwezavyo."

Nilitaka aniambie. Kwa siku 19 niliamini wauguzi wa wodi ile ni wavivu, na nilishawaeleza hivyo ndugu zangu wote. Kama kungekuwa na karatasi ukutani yenye namba mbili tu, wagonjwa waliopo na wauguzi waliopo usiku huu, ningeelewa siku ya kwanza, na ningeandika barua siku ya pili. Dada, msitufiche kwa kutuonea huruma.

Mhasibu_Hospitali

Hiyo karatasi ukutani ni ngumu kuipinga. Sisi wa fedha tunaona namba za mwezi. Za usiku mmoja hatuzioni kabisa.

Matroni, hilo la kuhama kwa gharama nimelipokea. Dada, kama mnaweza kupata idadi ya siku za ziada za wagonjwa waliopata vidonda vya kulalia, miezi 12 kabla ya ikama kupungua na miezi 12 baada yake, mpelekeeni mtu wa fedha wa hospitali yenu kabla ya kikao. Mpeni muda aisome. Mkimpiga nayo mbele ya watu atajitetea tu.

NesiWaZamu

Wiki tatu zimepita, nimerudi kuwaambia.

Yule mama nilimwomba ruhusa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nitapata matatizo kazini. Nikasema sijui. Akasema andika, ila saa saba uandike saba, usipunguze kwa ajili ya mtu. Ngozi yake haikufunguka. Tulipanga kwenye ratiba kila baada ya saa mbili jina la mtu mahususi wa kumgeuza, na ndugu zake wakafundishwa kutusaidia mchana. Ameruhusiwa wiki iliyopita, anatembea na kifaa cha kuegemea.

Kipeperushi kimebaki ukurasa mmoja. Juu ni saa mbili na saa saba. Katikati ni ikama iliyoidhinishwa na majina yaliyopo (ahsante Zamu_ya_Pili, tuliipata kwa muuguzi mkuu wa zamani aliyekuwa ameitunza). Chini nimeandika sentensi niliyoogopa kuiandika: "Ndiyo, tunataka kazi zetu. Tunazitaka kwa sababu tunajua nini kinaachwa tukiwa wawili." Nilimtafuta yule baba wa kwenye benchi nimwonyeshe, mgonjwa wake alikuwa ameshatoka.

Karatasi ya ukutani uongozi ulikataa. Tukaiweka kwenye ubao wetu wa chama nje ya geti, tunaibadilisha kila jioni. Siku ya tano ndugu wa wagonjwa 40 na kitu walisaini barua, wao wenyewe, kwa maneno yao. Mwenzetu mmoja ameitwa kuhojiwa kwa sababu ya ubao huo, na chama kimemtafutia mtu wa kukaa naye kwenye mahojiano. Hilo linaniumiza kwa sababu wazo lilikuwa langu.

Kikao kilifanyika Alhamisi. Mtu wa fedha alikuwa ameisoma hesabu ya vidonda, na yeye ndiye aliyeuliza maswali magumu kuliko sisi. Mikataba minne kati ya sita imeongezwa miezi sita. Miwili haikuongezwa, mmoja wao ni dada tuliyeanza naye kazi wiki moja, na juzi amekuja kuchukua viatu vyake vya wodini. Suala la usiku wawili limeahirishwa, halijafutwa. Barua ya kuuliza mashauriano tumeipeleka, tumegongewa muhuri wa kupokelewa, hatujajibiwa. Mgomo umepigiwa kura tawini, wengi wamesema bado.

Matroni, mama yangu, nina swali moja zaidi. Karatasi zetu za zamu sasa zimefika 63, na kuna saba ambazo aliyezijaza ameacha wazi sehemu ya kazi zilizobaki. Nikimuuliza anasema hakuwa na muda wa kuandika. Zamu zenyewe nazikumbuka, zilikuwa mbaya kuliko zote. Nizihesabu vipi?

Matroni_Mstaafu

Usimjazie. Andika "haikujazwa", weka idadi ya wagonjwa na ya wauguzi wa zamu hiyo kando yake, na uziweke zote saba pamoja kwenye ukurasa wa kwanza. Na yule anayehojiwa, nendeni naye hadi mlangoni, wote msiokuwa zamu.